Tanga na Ujuzi Unaopita Njia

Mwaka 1893 uliacha Tanga alama mbili ambazo hazijafutika hadi leo. Katika mwaka huo Wajerumani walianza kutandika reli kutoka bandarini kuelekea milima ya Usambara, ikiwa ni reli ya kwanza katika nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, na iliwachukua takriban miaka kumi na minane kuifikisha Moshi. Mwaka huohuo mtaalamu wa kilimo, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Safari iliiua karibu yote, na iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Reli ilikuja na wahandisi wake, chuma chake na vipimo vyake, vyote vimeshakamilika ng'ambo. Mkonge ulikuja mkavu, bila mtu aliyejua ungeishije katika udongo huu, na kwa hiyo ujuzi wake ilibidi ujengwe hapahapa, taratibu, kwa kukosea na kurudia.

Naanza na mambo haya mawili kwa sababu yanatofautisha njia mbili ambazo sayansi na uhandisi huingia katika uchumi wa nchi. Ipo njia ya kununua kazi iliyokamilika, na ipo njia ya kuotesha maarifa mahali yanapotumika. Tunazihitaji zote mbili, lakini mjadala wetu wa maendeleo umeegemea mno upande wa kwanza: tunahesabu kilomita, mita za kina, megawati na mabilioni ya shilingi, na mara chache tunauliza ni watu wangapi walibaki na uwezo wa kukiendesha, kukitengeneza na kukiboresha kilichojengwa baada ya mkandarasi kufunga kambi yake. Hoja yangu ni kwamba swali hilo la pili ndilo linaloamua kama uwekezaji unageuka kuwa uchumi, na hakuna mji katika nchi yetu unaolithibitisha vizuri kuliko Tanga.

Kutokana na miche ile 62, Tanganyika ikawa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, na mwaka 1964 singa, yaani nyuzi za mkonge, zilizozalishwa zilifikia takriban tani 230,000. Tumezoea kuisimulia habari hii kama habari ya ardhi nzuri na vibarua wengi, wale waliokuja kutoka mikoa ya mbali na kuitwa manamba. Ardhi ilikuwepo, na jasho lilikuwepo pia, tena jasho lililolipwa ujira mdogo wa kusikitisha. Hata hivyo, ardhi na jasho peke yake haviwezi kutoa singa safi ya kuuzika nje, kwa sababu jani la mkonge halisubiri. Likishakatwa na kuachwa juani zaidi ya takriban siku mbili, nyama ya jani hukauka na kung'ang'ania nyuzi, na singa hutoka yenye madoa na bei ndogo. Ndiyo maana kila shamba kubwa lilikuwa, kwa hakika, kiwanda chenye shamba: lilikuwa na vijireli vyake vya kubebea majani, injini zake, mabwawa na mifereji yake, karakana yake, na katikati ya yote hayo korona, mashine yenye ngoma za mapanga butu zinazolipiga jani na kulikwangua huku maji mengi yakiosha uchafu.

Nimekua nikisikia mlio wa mashine hiyo. Mjomba wangu alikuwa fundi mitambo katika shamba moja kwenye njia ya kwenda Korogwe, na sisi watoto tuliokuwa tukimtembelea wakati wa likizo tulilala usingizi mzito katika kelele za korona. Kilichotuamsha ni kimya. Mashine ikisimama usiku wa manane, kambi nzima iliamka, kwa kuwa kila mtu alijua kuwa majani yaliyokwishakatwa yalikuwa yanahesabu saa zake. Mjomba aliweza kutambua kwa sikio kwamba beringi fulani ingeharibika baada ya siku chache, naye aliibadilisha kabla haijasimamisha kazi. Alipostaafu, hakuna aliyemwomba aandike chochote, na hakuna kijana aliyekuwa amewekwa pembeni yake kujifunza. Shamba lile lilipoteza siku hiyo mali ambayo haikuwa imeandikwa katika daftari lolote la hesabu zake.

Upande wa maabara nao ulikuwa na uzito wake. Mwaka 1902 ilianzishwa huko Amani, katika msitu wa Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo iliyokuwa miongoni mwa vituo vikubwa vya aina hiyo katika nchi za joto. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, manowari za Waingereza zilipofunga bahari, miti ya mkwinini iliyopandwa huko ndiyo iliyotoa kwinini ya kutibu malaria. Baadaye, mwaka 1934, kikaanzishwa kituo cha utafiti wa mkonge Mlingano, wilayani Muheza, ambacho kingalipo. Kutokana na kazi ya Amani na Mlingano ilipatikana mbegu chotara inayojulikana kwa namba 11648, inayotoa majani mengi zaidi katika maisha yake kuliko mkonge wa kawaida, na majani hayo hayana miiba pembeni. Msomaji asiyejua mmea huu azingatie jambo moja: mkonge hutoa mlingoti wake wa maua mara moja tu, baada ya miaka mingi, kisha hufa. Mtafiti anayetaka kuchavusha aina mbili na kuona tabia za kizazi kinachofuata anaweka rehani sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Chotara ile ilianzia miaka ya 1930 na ikaja kupandwa kwa wingi miaka ya 1960. Huo ndio muda halisi wa sayansi, nao haulingani na muda wa bajeti za mwaka mmoja mmoja wala wa mihula ya uongozi.

Sasa tazama kilichofuata. Katika miaka ya 1960 mbegu hiyo ya Tanga ilipelekwa China, na hadi leo ndiyo aina kuu ya mkonge inayolimwa katika majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, ambako mavuno kwa hekta yanazidi ya kwetu mara kadhaa. Hawakutuibia, mbegu husafiri, na sisi wenyewe mkonge tuliupata kwa njia hiyo. Tofauti ni kwamba wao waliendelea kuushughulikia pale ilipoishia kazi yetu, katika mbolea, katika magonjwa na katika utunzaji wa shamba, ilhali sisi tuliiacha kazi ya watafiti wetu ipungue kwa kukosa fedha na warithi. Kila ninapopita Ngomeni na kuona mashamba yaliyogeuka vichaka, nalikumbuka jambo hili kwa uchungu.

Kuanguka kwa mkonge wetu huelezwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kamba za plastiki, zilizoshusha bei kuanzia miaka ya 1960. Ya pili ni utaifishaji wa mashamba mengi baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na usimamizi dhaifu uliofuata. Zote mbili ni za kweli. Lakini plastiki iliwapiga wazalishaji wote duniani, na Brazil, iliyopigwa vilevile, ilibaki sokoni na kuchukua nafasi ya kwanza, wakati uzalishaji wetu ulishuka hadi kufikia takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990. Wabrazili hawakutushinda kwa mitambo mikubwa. Walitumia mashine ndogo, rahisi, zinazohamishika, ambazo humfuata mkulima mdogo shambani kwake. Mashine hizo zina kasoro kubwa, zinapoteza singa nyingi na zimewakata mikono wafanyakazi wengi, nami sizipendekezi zilivyo. Ninachosema ni kwamba mtu fulani alikaa akafikiri juu ya mashine inayolingana na ukubwa wa shamba la mtu maskini, na fikra hiyo ikawa na nguvu ya kiuchumi kuliko mashamba yetu makubwa yenye korona zilizochakaa.

Suala hili halijapitwa na wakati. Leo serikali na Bodi ya Mkonge zinahimiza wakulima wadogo, na watu wengi wa Korogwe, Muheza, Handeni na Kilindi wameitikia. Mkulima mwenye ekari tano hana korona. Hukata majani yake na kungoja zamu katika mashine ya mtu mwingine, na zamu ikichelewa, jasho la miaka mitatu ya kupalilia linakauka mbele ya macho yake. Tunaweza kumpa mkulima huyu miche, mikopo na semina. Pasipo mashine ya kuchakata iliyo karibu, salama, inayotumia maji kidogo na inayoweza kutengenezwa na fundi wa wilayani, tatizo lake litabaki palepale. Hilo ni tatizo la uhandisi tangu mwanzo hadi mwisho, nalo ni la kwetu sisi. Hakuna kiwanda cha Ulaya kitakachoamka asubuhi kikafikiri namna ya kumtatulia mkulima wa Kwamsisi shida ya korona.

Kuna na jambo la mabaki. Katika kilo mia za majani, singa hazizidi sana kilo nne. Zilizobaki ni maji na nyama ya jani, ambavyo kwa miaka mingi vilimwagwa mabondeni na kuchafua mito. Huko Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme. Wazo hilo ni kubwa kuliko mtambo wenyewe. Linaligeuza zao kutoka biashara ya asilimia nne kuwa biashara ya jani zima: umeme, mbolea, na kwa wanaokwenda mbali zaidi, sukari maalumu na pombe za viwandani. Lakini vijidudu vinavyotengeneza gesi ni viumbe hai. Vinahitaji joto la kipimo, uchachu wa kipimo na chakula kisichobadilika ghafla, na kwa hiyo vinahitaji mtu wa maabara anayepima kila siku na fundi anayejua pampu. Akikosekana mmoja wao, tangi huwa shimo la taka lililojengwa kwa gharama kubwa.

Wanauchumi walikwishalipima jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1957 Robert Solow wa Marekani, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel, alichunguza ukuaji wa tija ya saa ya kazi nchini mwake kati ya mwaka 1909 na 1949. Alikuta kwamba ongezeko la mitambo na majengo kwa kila mfanyakazi lilieleza sehemu moja tu kati ya nane ya ukuaji huo. Sehemu saba zilitokana na kile alichokiita mabadiliko ya kiufundi, kwa maana pana inayojumuisha mbinu bora, elimu na mpangilio wa kazi. Nchi mbili zinaweza kununua mashine ileile kwa bei ileile, na moja ikapata mara mbili ya inachopata mwenzake.

Tofauti hiyo inakaa kwa nani? Tukisema wahandisi, tunakuwa tumejibu nusu. Watu wa fani hii nchini huutaja mara kwa mara uwiano wa mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu watano kwa mafundi mchundo, yaani mafundi wa kazi za mikono, ishirini na watano. Sitaki kuufanya uwiano huo kuwa msahafu, kwa sababu kiwanda cha saruji na mradi wa barabara havifanani, ila unaonyesha umbo ambalo sisi tumeligeuza kichwa chini. Kila familia inataka shahada. Chuo cha ufundi kinachukuliwa kuwa mahali pa aliyefeli. Matokeo yake ni kijana mwenye shahada ya umekanika anayetafuta kazi mwaka wa nne sasa, na kiwanda kinachotafuta fundi sanifu wa umeme wa viwandani na kumkosa. Fundi sanifu ndiye anayeitafsiri hesabu ya mhandisi iwe kazi, na ndiye anayemrudishia mhandisi habari za kweli kutoka kwenye mashine. Mkato ukiwa hapo katikati, walio juu wanachora yasiyojengeka na walio chini wanabahatisha.

Gharama ya kubahatisha huonekana Ngamiani, hapa mjini Tanga. Katika barabara zake zenye namba wapo mafundi wa kukereza vyuma ambao kwa uhodari wa mikono hawana wa kuwafundisha. Siku moja nilimkuta mmoja wao akitengeneza shafti ya pampu iliyoletwa ikiwa imelika. Hakuwa na mchoro. Alipima shafti ile mbovu, akakisia ilivyokuwa ilipokuwa mpya, akakereza nyingine kwa usahihi wa kupendeza kutoka kwenye chuma alichokipata kwa wauza vyuma chakavu. Aliniambia bila kuficha kwamba angeirudia kazi hiyo baada ya miezi michache, kwa kuwa shafti ya awali ilikuwa imepashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu ili iwe ngumu, naye hakuwa na tanuri la kipimo wala njia ya kujua ile ilikuwa chuma cha aina gani. Umbali kati ya fundi huyu na vipuri vya viwango vya kimataifa hauhitaji miaka mitano ya chuo kikuu. Unahitaji tanuri moja la pamoja, kifaa cha kupima ugumu wa chuma, na mtu aliyesoma sayansi ya metali anayefika pale mara kwa mara. Kwa gharama ya gari moja la kifahari la ofisi, mji mzima ungepiga hatua.

Haya yote yanapata uzito mpya kwa sababu Tanga imerudi katika ramani ya miradi mikubwa. Bandari yetu, ambayo kwa miongo mingi ilipokea meli zikiwa nangani na kushusha shehena kwa matishari, imeongezwa kina kutoka mita 3 hadi 13 na kujengewa magati ya mita 450 kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Ni kazi njema, na kila mwenye macho anaona meli zikifunga gatini. Hata hivyo, kina cha mita 13 si kitu kinachonunuliwa mara moja. Mkulumuzi na Sigi humimina tope katika eneo hili la bahari, na kiasi cha tope hilo kinategemea namna tunavyoitunza misitu ya Usambara na kingo za mito hiyo. Kwa hiyo bandari inahitaji wapima wa sakafu ya bahari, wanaojua mikondo, na watu wa misitu wanaoshauriana nao. Mto Sigi huohuo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, yanakotoka maji ya kunywa ya jiji. Mwanasayansi wa msitu wa Amani, mhandisi wa maji na nahodha wa bandari wanahudumia uchumi mmoja hata kama hawajawahi kukaa meza moja.

Kisha lipo bomba la mafuta ghafi, lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, hapa Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa Agosti 2017. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, hivyo bomba zima limefunikwa na kupashwa joto ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Vijana wetu wamepata ajira za kuchomelea, kuchimba na kuendesha mitambo, nami nawafurahia. Lakini ajira za ujenzi ni kama mvua za vuli, na zinazobaki ni chache na ngumu zaidi: kusoma vipimo vya kutu, kukagua maungio kwa mionzi, kusimamia mifumo ya umeme na ya kompyuta inayolinda bomba usiku na mchana kwa miongo kadhaa. Kama nafasi hizo hazitaandaliwa warithi kuanzia sasa kwa majina, zitajazwa na wageni, na hakutakuwa na mtu wa kulaumiwa isipokuwa sisi.

Wapo wanaopinga, na hoja yao inastahili jibu. Wanasema nchi changa isijisumbue kutafuta kila ujuzi; inunue kwa wenye nao kwa bei nafuu na ijikite katika kilimo na utalii, na wanaonyesha wahitimu wa uhandisi wasio na kazi kama ushahidi kwamba tumesomesha kupita kiasi. Nakubali kwamba hatuwezi kutengeneza kila kitu. Lakini kilimo chenyewe, kama tulivyoona kwa mkonge, ni uhandisi na sayansi kuanzia mbegu hadi singa. Na wahitimu wanakosa kazi kwa sababu miradi yetu huwapokea kama wabeba mafaili na si kama warithi wa kazi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi imekuwa na mpango wa kuwaweka wahitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu, na ni mpango mzuri. Unachokosa ni nguvu ya mikataba: kwamba mkandarasi asilipwe awamu yake ya mwisho mpaka wale aliowafundisha wameiendesha mashine peke yao, wameibomoa na kuiunga tena mbele ya mkaguzi.

Mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, uliofunguliwa katika shule za sekondari kwa sera ya elimu ya toleo la 2023 unaweza kuziba ule mkato wa katikati, endapo utapewa karakana na walimu kabla ya kupewa wanafunzi. Amali bila vifaa ni maneno ubaoni. Tanga si mgeni wa jambo hili: mwanzoni mwa karne ya 20 shule ya serikali ya hapa ilikuwa na mtambo wa uchapaji, na humo lilichapishwa Kiongozi, gazeti la Kiswahili. Ni Kiswahili hichohicho kinachozungumzwa leo katika kila karakana ya mkoa huu, ilhali vitabu vya mashine vinakuja kwa Kiingereza au Kichina na kufungiwa kabatini. Kitabu cha matengenezo kilichoandikwa kwa Kiswahili sanifu, chenye michoro, kingeongeza umri wa mashine nyingi kuliko semina tunazozifanya hotelini.

Ningependa jambo moja lianze mwaka huu, kwa kuwa halihitaji mkopo. Michoro, vitabu vya matengenezo na kumbukumbu za majaribio za kila mradi mkubwa uliojengwa mkoani Tanga kwa fedha za umma, ukiondoa sehemu zinazohusu usalama, ziwekewe nakala katika chumba kimoja hapa mjini. Wanafunzi wa ufundi na fundi yule wa Ngamiani waweze kuzifungua siku yoyote ya kazi. Na rafu ya kwanza iwe ya korona.